Masuke Yaliyofungwa Uzi

"Mbegu ya mkulima huyu haikuonyesha uwezo wa kustahimili ukame wala baridi."

Sentensi hiyo imepigwa chapa, kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye mhuri, na chini yake, mahali pa aliyeweka kumbukumbu, pana sahihi yangu. Mkulima huyu ni nyanya yangu. Nimeandika maneno mengi, hadithi nilizozichana na hadithi nilizoziacha zikaishi, lakini hakuna sentensi iliyowahi kunikasirisha kama hiyo. Kila neno lake ni kweli. Yakikaa pamoja, ni uongo.

Nilikuwa na kazi ya mkataba katika kituo kimoja cha utafiti wa nafaka nje ya mji wa Kitale. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa imekataliwa, ya pili ilikuwa kurasa ishirini zisizojua zinakokwenda, na chumba changu cha kupanga mtaani Matisi kilihitaji mtu mwenye mshahara. Kwa hiyo kila asubuhi nilivaa koti jeupe lililonizidi, nikashika rula na daftari, nikapima majani. Urefu, rangi, limejikunja au halijajikunja. Limejikunja kidogo au kama kamba. Nilipenda kazi ile kuliko nilivyokiri kwa rafiki zangu waandishi, ambao walidhani najidhalilisha.

Daktari aliyetuongoza, mwanamke mtaalamu wa mimea, alikuwa mwalimu mzuri, na hilo nalo linanikasirisha. Ningemchukia kwa urahisi zaidi kama angekuwa mtu wa dharau.

"Mmea hauna miguu," aliniambia wiki ya kwanza, tukiwa tumeinama juu ya trei za mtama. "Ng'ombe akichomwa na jua anahamia kivulini. Huyu amesimama alipozaliwa. Kwa hiyo akitaka kuhama, anahamia ndani ya mwili wake."

Akanieleza jinsi. Mizizi ikikosa maji hutuma habari juu kwa njia ya homoni, na majani yakiipata hufunga vitundu vyake vidogo vya kupumulia ili maji yasitoroke. Ndani ya kila chembe ya mmea kuna jeni zinazolala wakati wa neema, na kuna protini chache ambazo kazi yake ni kwenda kuziamsha. Protini hizo hushika mwanzo wa jeni kama mkono unavyoshika kitasa, na mlango mmoja ukifunguka hufungua mingine mingi: huku kunatengenezwa sukari za kuyashika maji yasiondoke, kule zinatengenezwa protini nyingine za kuziba mahali panapotaka kupasuka. Ukame na baridi kali, alisema, ni ndugu, na baadhi ya milango yao ni ileile, kwa sababu maji yaliyoganda ni maji ambayo mmea hauwezi kuyanywa.

"Na wote wanazo hizo jeni?" nikauliza.

"Karibu nafaka zote. Tofauti ni nani anaamka mapema, na nani anaamka nyumba ikishaungua." Kisha akaongeza neno ambalo niliandika kwenye daftari langu mwenyewe, kwa sababu lilikuwa na ladha ya riwaya. "Usimtafute shujaa mahali penye maji. Penye maji wote ni mashujaa."

Nililiandika. Nikalipigia mstari. Sikulielewa hata chembe.

Muda si mrefu kituo kikataka mbegu za wakulima wa eneo letu, mbegu za zamani ambazo hazikununuliwa dukani, zijaribiwe. Mkono wangu ukawa wa kwanza juu. Kwetu ni Bokoli, karibu na Webuye, na nyanya yangu ndiye mtu wa mwisho katika ukoo wetu anayepanda wimbi, yaani ulezi, kila mwaka. Wengine wote walishahamia kwenye mahindi na miwa. Shamba lake si kubwa. Kwa juu, karibu na boma la ng'ombe na migomba, udongo ni mweusi na mbolea hutiririka yenyewe mvua ikinyesha. Kwa chini ardhi inakuwa nyembamba, kisha inakuwa changarawe tupu, na kona ya mwisho inateleza hadi kwenye jiwe.

Nilimpigia simu. Kukhu, kama tunavyowaita nyanya zetu, alikuwa akienda matangani ng'ambo ya mto, akasema hatanikuta.

"Mbegu iko jikoni, juu ya meko," akasema. "Chukua. Lakini usimalize."

Nilifika jikoni kwake mchana, nikapanda juu ya kigoda, nikaona vitu viwili. Kulikuwa na kikapu kikubwa cha masuke yaliyonona, mekundu, yamekunja vidole vyake kama ngumi za watoto walioshiba. Na kulikuwa na fungu dogo limening'inia katikati ya moshi wenyewe: masuke mafupi, membamba, mengine na vidole vitatu tu, meusi kwa masizi, kila moja limefungwa uzi mwekundu shingoni.

Nitasema nilichofikiri, maana hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. Nilifikiri yale yenye uzi yametengwa kwa ajili ya kuku.

Na zaidi ya hapo, niliona aibu. Niliona koti jeupe la daktari, niliona wenzangu wakimwaga yale masuke yaliyodumaa juu ya meza safi, wakitazamana. Nilisoma shule za bweni tangu darasa la nne. Shuleni walitufundisha kwamba bora ni kilicho kikubwa. Mwanafunzi bora, ng'ombe bora katika maonyesho ya kilimo, hindi bora lenye utepe. Nikashika kikapu. Nikachagua masuke makubwa kuliko yote, nikayapangusa kwa kitambaa changu cha kichwa, nikayafunga kwenye gazeti kama mtu anayempeleka nyanyake mjini akiwa amemvisha viatu.

Kituoni tulipanda miche kwenye trei mbili. Trei ya kwanza iliingia kwenye chumba cha baridi, kabati refu la chuma linalovuma kama nyuki, na tulipoitoa majani yalikuwa na madoa ya maji, kama yamepikwa. Trei ya pili ilinyimwa maji. Kila siku nilisimama mbele yake na rula yangu. Miche ya sehemu nyingine ilijikunja, ikawa nyembamba kama sindano, ikangoja. Ya kwetu haikujikunja. Ilisimama wazi, mipana, ikitoa maji yake yote kwenye hewa kama tajiri asiyejua kwamba duka limefungwa. Ikalala siku moja kabla ya mingine yote. Tulipoirudishia maji, mche mmoja uliinua kichwa, ukakaa hivyo siku mbili, ukafa.

"Pole," daktari akasema. "Nyanya yako ana mbegu nzuri ya shamba zuri."

Niliandika nilichoona. Nikaweka sahihi. Nililia kidogo chooni, nikajiambia kwamba sayansi haina undugu.

Karatasi ilitumwa kwa mkulima, kama ilivyotumwa kwa wakulima wote. Aliyeipokea ni baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, ambaye anakaa boma moja na nyanya. Nilipofika nyumbani Jumapili iliyofuata, alikuwa ameketi nje akiwa ameivaa miwani yake ya kusomea Biblia, karatasi ikiwa mkononi. Yeye si mtu mbaya. Ana watoto sita, na kwa miaka mingi amelitazama shamba la wimbi akiona mahindi.

"Karibu, daktari wa majani," akaniambia. "Umetusaidia sana. Mimi nilikuwa nasema hapa kila mwaka, nikaitwa mlafi."

"Kusaidia namna gani, baba?"

"Si umeandika mwenyewe? Hii kitu haina nguvu. Mama, umesikia? Hata wasomi wamekataa. Msimu huu nalima yote, naweka mahindi."

Nyanya alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa. Alisubiri baba mdogo amalize kusoma sentensi ile mara ya tatu, kwa Kiingereza kilichoandikwa, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa lugha yetu, kila mara ikizidi kuwa mbaya. Kisha akaniuliza mimi, polepole:

"Wewe. Ulichukua masuke gani?"

"Yale mazuri, Kukhu. Ya kwenye kikapu."

Mkono wake ukasimama juu ya mboga.

"Ya kikapu ni ya kusaga," akasema. "Hayo ni ugali! Ulipelekea wazungu ugali?"

"Si wazungu, Kukhu, ni—"

"Ulipeleka chakula, ati wakitese waone kama ni mbegu!"

Akaingia jikoni. Akatoka na lile fungu la masizi, akaliweka mapajani mwangu kwa nguvu hata nguo yangu ikachafuka. "Na hawa? Hawa hukuwaona? Ama waliona haya wakajificha?"

Nikaona haya mimi.

Alinieleza siku hiyo, na alinieleza kama mtu anayemgombeza mtoto aliyemwaga maziwa. Mvua ikikatika katikati ya msimu, yeye hushuka kwenye kona ya changarawe saa sita mchana, wakati hata mbwa hawataki kutoka. Huangalia. Mashina mengine huwa yamelala. Mengine yamejikunja majani kama mtu anayejifunga shuka. Anarudi jioni, saa kumi na mbili, anaangalia tena ni lipi limejikunjua. Hilo ndilo hufungwa uzi, uzi unaochomolewa kwenye pindo la kitambaa chake cha zamani cha kanisani. Siku ya mavuno hupita kwanza na kisu kidogo, akayakata yenye uzi kabla mtu mwingine hajaingia shambani. Mama mkwe wake ndiye aliyemwonyesha, na mama mkwe wake aliolewa akitoka juu mlimani, upande wa Suam, ambako asubuhi nyingine majani huamka na barafu. Alishuka na mbegu hiyo ndani ya kibuyu.

"Mbegu haichaguliwi siku ya kuvuna," nyanya akasema. "Siku ya kuvuna kila mtu ni mzuri. Inachaguliwa siku ya njaa."

Penye maji wote ni mashujaa. Nililisikia neno la daktari likitoka kinywani mwa mwanamke ambaye hajawahi kuvaa koti jeupe, nikataka kuvunja kitu. Wanawake wawili walikuwa wamesema jambo moja. Mimi niliyesimama katikati yao, mimi ninayejua lugha zao zote mbili, ndiye sikuelewa hata mmoja wao.

"Baba," nikasema, "hiyo karatasi ni makosa. Makosa yangu. Usilime."

Baba mdogo akaikunja karatasi kwa utaratibu, akaitia mfukoni mwa shati. "Mvua ikikaribia, ng'ombe wataingia. Leta karatasi nyingine kama unayo."

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa daktari kabla hajafungua. Nikamwekea fungu mezani, masizi na yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Alishika suke moja, akagusa uzi, na kwa dakika moja uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kitu anachokitaka.

"Hii ndiyo tulipaswa kupata," akasema.

"Basi turudie."

"Kwa vifaa gani? Chumba cha baridi kina ngano sasa. Mradi wa wakulima umefungwa, ripoti imeenda."

"Basi andika kwamba ripoti ina makosa."

"Niandike nini hasa? Kwamba msaidizi wangu alileta chakula akakiita mbegu?"

"Andika hivyo! Andika jina langu mara mbili!"

Akavua miwani. "Niliwauliza nyote mbegu ilichaguliwaje. Kuna sehemu kwenye fomu. Wewe uliandika nini?"

Nilikumbuka. Niliandika: *masuke bora*.

"Na wewe ulilisoma hilo," nikamwambia, "ukaliacha lipite. Hukuuliza bora kwa nani. Hukwenda kumwona mwenye mbegu. Ungemwona ungejua kwa dakika tano."

 Sijui mpaka leo kama nilikuwa namlaumu kwa haki. Najua kwamba kwenye fomu ile, zaidi ya nafasi ya maneno mawili niliyoijaza mimi, kulikuwa na nafasi ya mwinuko wa shamba, aina ya udongo, na ukubwa wa eneo, na hapakuwa na nafasi hata ya mstari mmoja ya kuandika kile mkulima anachokijua. Nilitoka na fungu langu. Mlango sikuubamiza, ulikuwa wa aina ile unaojifunga taratibu wenyewe, ukimnyima mtu hata hilo.

Nikanunua karai mbili. Nyuma ya chumba changu Matisi pana kibaraza chenye bati, na hapo nikapanda: karai moja masuke ya kikapu yaliyosalia kituoni, karai ya pili masuke ya uzi, udongo mmoja, siku moja. Baridi sikuweza kuitengeneza. Lakini kunyima maji hakuhitaji mashine. Miche ilipofika urefu wa kidole nikaacha kumwagilia.

Jirani yangu, mama anayeuza sambusa, alikuwa akinitazama kila asubuhi nikiinama na rula.

"Sasa wewe," akaniambia siku moja, "unapanda kitu halafu unakinyima maji? Si hiyo ni dhambi bana."

"Ni jaribio, mama."

"Jaribio la nani? Mungu? Mungu mwenyewe hunyesha."

Na siku ya tisa nilimkuta ameshika jagi juu ya karai ya uzi, ana huruma usoni, maji yakiwa karibu kudondoka. Nilimpigia kelele aliyoistahili mtu mwingine. Akarudi kwake akinung'unika kwamba wasomi wana mioyo ya mawe. Baadaye nilimwomba radhi, akanipa sambusa mbili, lakini hakunisamehe kwa ajili ya majani.

Karai ya kikapu ililala kama ilivyolala kituoni. Karai ya uzi ilianza kujikunja mapema, mapema hata nikadhani inakufa kwanza. Majani yakawa nyuzi za kijivu. Kila mtu angesema ile ndiyo dhaifu. Nikaacha mpaka nisiweze kuvumilia, kisha nikaacha siku moja zaidi, kisha nikamwagilia zote mbili. Asubuhi ya pili, ya kikapu ilikuwa majani makavu. Ya uzi ilikuwa imefunguka, si yote, lakini mingi, kijani chenye kingo zilizoungua. Nilipiga magoti kwenye saruji. Sikufurahi. Nilikuwa na hasira mpya, kwa sababu jambo lilikuwa jepesi hivyo: karai mbili na mtu anayekubali kuangalia.

Nilifika Bokoli Jumamosi nikiwa nimekumbatia karai ya uzi, na masuke yaliyobaki mkobani. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa. Kabla sijalifikia boma nilisikia baba mdogo akiwaita ng'ombe.

Shamba lilikuwa limelimwa. Sehemu nyeusi ya juu, sehemu nyembamba ya katikati, yote imegeuzwa, imelala ubavu, inang'aa. Nyanya alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Nikapita katikati ya mifereji, nikaweka karai mbele ya miguu ya baba mdogo.

"Tazama. Hawa walinyimwa maji wakarudi. Hiyo karatasi mfukoni mwako ilipima chakula. Hii ndiyo mbegu."

Alitazama. Alijitahidi kutazama kwa haki, nakiri. Akainama, akagusa jani lililoungua.

"Karatasi ya kwanza uliandika wewe," akasema. "Ya pili ni karai, pia yako. Sasa mimi niamini yako gani?"

Vijana wawili waliokuwa wakimsaidia na jembe wakacheka.  

"Na hata kama ni kweli," akaendelea, sauti ikishuka, "watoto wanataka gunia, si ushujaa. Mvua ikija vizuri, mahindi yatanipa gunia."

"Na isipokuja?"

"Tutaomba."

Wakageuza ng'ombe waende kumalizia kona ya chini. Jembe likagonga jiwe, likaruka. Wakajaribu tena, ng'ombe mmoja akapiga goti kwenye changarawe, akakataa kuinuka. Baba mdogo akafungua nira, akafuta jasho.

"Mama, hapo nimekuachia," akamwambia nyanya. "Hapo hata ng'ombe wamekataa."

Nyanya akaja kwenye karai. Aliitazama miche kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Hawa umewatesa siku ngapi?"

Nikamwambia.

"Nyingi. Ungeniuliza mimi."

Tuliihamishia miche kwenye kona siku hiyohiyo, kwa vidole, katikati ya mawe, na mvua ilipoanza akapanda masuke ya uzi yaliyobaki. Watu wa nyumbani walisema mambo yameisha vizuri: baba mdogo kapata shamba, mama kapata kona yake. Sikubali. Zamani nyanya alikuwa na udongo mweusi wa kumpa ugali na changarawe ya kumpa mbegu. Sasa ana mbegu na hana chakula cha mbegu hiyo. Mwaka huu hakukuwa na uji wa wimbi mezani kwake, na hilo nililifanya mimi, kwa rula na sahihi.

Mwezi wa sita mvua ilikatika kwa majuma kadhaa. Nikaomba ruhusa kazini, nikaja. Saa sita mchana tulishuka kwenye kona, tukaona yaliyojikunja. Jioni tukashuka tena. Macho ya nyanya hayaoni vizuri tena jua likipungua. Akachomoa uzi kwenye pindo la kitambaa chake, akanipa.

"Chagua."

Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye shina refu kuliko yote.  Nikalitazama tena: majani yake yalikuwa bado yamejifunga. Pembeni yake, kwenye ufa wa jiwe, palikuwa na fupi moja, la kijivu chini, lenye suke la vidole vitatu, na majani yake yalikuwa yamefunguka yote kuelekea upande wa mlima. Nikachuchumaa. Nikazungusha uzi shingoni mwake, nikamkumbuka daktari, nikaikumbuka fomu, nikaikumbuka karatasi ambayo mpaka leo iko mfukoni mwa shati la mtu, nikakaza fundo.

"Legeza," nyanya akasema. "Unalikaba."

Nikalegeza.